Kitabu Kisichoazimika

Nyololo ni mahali pagumu pa kusimama ukatangaza kwamba karatasi imepitwa na wakati. Wilaya yetu ya Mufindi inaishi kwa miti. Misonobari ya Sao Hill, shamba kubwa la miti la serikali kuliko yote nchini, imejenga nyumba na kusomesha watoto wengi huku kwetu. Kusini mwa wilaya, Mgololo, kipo kiwanda cha karatasi kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, kikaanza kazi miaka ya 1980 kwa jina la Southern Paper Mills. Matumaini ya wakati ule yalikuwa daftari la mtoto wa Kitanzania litoke kwenye mti wa Kitanzania. Leo kiwanda kiko mikononi mwa mwekezaji, kinaitwa Mufindi Paper Mills, na kinajulikana zaidi kwa karatasi ngumu za kaki za kutengenezea mifuko na vifungashio.

Katika mazingira hayo, mtu anayetoa Kindle, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, mfukoni akisubiri basi njia panda lazima aulizwe maswali. Wengine hudhani ni simu iliyokufa rangi. Wengine huuliza kama ni vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 walivyokuja kugawiwa walimu. Nimeyajibu maswali hayo mara nyingi, na katika kuyajibu nimeona mambo mawili. Kifaa hiki kimenifanya nisome zaidi, na kimenifanya nisome peke yangu. La kwanza linasifiwa kila mahali. La pili halisemwi sana, nami naona kwa mahali kama kwetu ndilo zito.

Tuanze na sifa zake, maana zipo. Kioo cha kifaa hiki hakikumuliki usoni kwa namna ya simu. Ndani yake mna vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kina chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji tofauti za umeme. Umeme ukipita, chembe nyeusi hupanda juu au huzama, na herufi inajichora. Ikishajichora haihitaji umeme tena mpaka ufungue ukurasa mwingine, ndiyo maana chaji hukaa hata wiki kadhaa. Wino huo wa kielektroniki ulianzia katika maabara za chuo cha MIT nchini Marekani, na kampuni ya E Ink ikaundwa mwaka 1997. Sony waliuza kifaa chao cha Librié huko Japani mwaka 2004. Kisha Novemba 2007 Amazon wakaleta Kindle kwa dola 399, na shehena ya kwanza ikaisha kwa saa chache.

Kwa mtu wa Nyanda za Juu faida zake zinashikika. Jua la mchana halifuti maandishi. Umeme ukikatika jioni, kifaa chenye taa yake kinaendelea. Na ikifika Juni na Julai, ukungu unapogoma kuondoka asubuhi na baridi ya Mufindi ikakulaza chini ya mablanketi mawili, unahitaji kutoa nje kidole gumba kimoja tu. Kitabu cha kurasa 600 kinataka mikono miwili, na mikono miwili nje ya blanketi mwezi wa saba ni gharama kubwa.

Mazoea nayo yanageuka, tena upesi. Zamani kitabu nilikifuata Mbeya au Iringa mjini, nikilipa na nauli juu yake, kwa hiyo hata kikiwa kibovu nilikimaliza kwa uchungu wa pesa. Sasa nasoma sura ya kwanza bure, nikiona hakinishiki nakiacha bila deni. Nasoma vitabu vitatu au vinne sambamba, kila kimoja na saa yake. Kusoma kumejipenyeza katika muda uliokuwa unapotea bure: foleni ya benki Mafinga, Hiace inayosubiri ijae, kikao kilichoitishwa saa tatu na kuanza saa tano.

Lakini yapo pia mambo yanayopungua. Majina ya vitabu na ya waandishi yananitoka kichwani, kwa sababu jalada silioni kila ninapokishika kitabu. Nafungua kifaa na kutumbukia moja kwa moja pale nilipoishia. Unene wa kurasa zilizobaki mkononi umegeuka asilimia kwenye kona ya kioo. Kwenye karatasi nilikuwa nakumbuka kwamba ugomvi ule ulikuwa ukurasa wa kushoto, karibu na chini, robo ya mwisho ya kitabu. Kwenye kioo kila ukurasa unakaa mahali pamoja, na kumbukumbu inakosa pa kujishikiza.

Hili watafiti wamelipima. Anne Mangen wa Norway na wenzake walichapisha mwaka 2019 utafiti ambao wasomaji 50 walipewa hadithi moja ndefu, nusu yao wakaisoma kwenye kitabu cha karatasi na nusu kwenye Kindle. Katika mambo mengi walilingana. Waliosoma karatasi waliwazidi wenzao katika jambo moja: kueleza lipi lilitangulia na lipi lilifuata katika hadithi. Kwa msomaji wa riwaya za upelelezi hiyo ni hasara ya kweli. Kwa anayesoma kwa ajili ya mtihani, nadhani ni hasara kubwa zaidi.

Hata hivyo, hizo ni hasara za mtu mmoja na kichwa chake, na mtu huzizoea. Kilichonifanya niandike makala haya ni swali la jirani yangu, mwalimu mstaafu, ambaye macho yamemchosha kiasi kwamba gazeti analisoma vichwa vya habari tu. Siku moja alinikuta nje nikisoma.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu nikione hicho kidude chako.”

Nikamkuzia herufi mpaka ukurasa mzima ukabaki na mistari michache. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha, kisha akaivua kabisa. Akasoma kimya, midomo ikichezacheza. Kidole chake, kigumu kwa jembe, kiligusa kioo bila kukusudia na kurasa zikaruka. Akanipa nimtafutie alipokuwa, akapokea tena, akaendelea. Alipomaliza sura akaniuliza:

“Kizuri sana. Sasa wewe ukishakimaliza, anakifuata nani?”

“Hakuna, mwalimu. Kimefungwa kwenye jina langu.”

“Basi hicho ni kitabu cha mtu mmoja,” akasema, akanirudishia.

Swali lile linatoka kwa mtu aliyekulia katika utamaduni wa kusoma kwa zamu. Huku kwetu kitabu hakikuwa na msomaji, kilikuwa na foleni ya wasomaji. Riwaya za Elvis Musiba zenye jasusi wake Willy Gamba, na zile za Ben Mtobwa zenye Joram Kiango, zilizunguka mikononi mpaka jalada likatoka, likashonwa kwa uzi wa gunia, na bado mtu akaja kuuliza kama zamu yake imefika. Ukurasa wa ndani ulijaa majina ya waliopitia, mengine yamekatwa kwa kalamu. Gazeti lililoshuka na basi lilisomwa dukani, likahamia kwa kinyozi, na mwisho likafungia maandazi, na hapo tena aliyenunua maandazi alisoma nusu ya habari na kubaki akijiuliza iliishaje.

Taifa lenyewe lilijifunza kusoma kwa mtindo huo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wazima karibu milioni 2 walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, kusoma kijitabu pamoja na kukijadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Anayejua kusoma alimsomea asiyejua. Kabla ya hapo, Desemba 9, 1967, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, na Bodi ya Huduma za Maktaba ikaendelea kufungua maktaba za mikoa, zikiwemo za Iringa na Mbeya. Msingi wa yote hayo ulikuwa mmoja: kitabu kimoja kihudumie wengi, kwa sababu wengi hawawezi kununua.

Kitabu cha kielektroniki kimejengwa juu ya msingi ulio kinyume. Unapolipa hununui kitabu, unanunua ruhusa ya kukisoma, na ruhusa hiyo ni yako binafsi. Amazon waliwahi kuruhusu kuazimana, mwishoni mwa mwaka 2010, lakini masharti yake yalikuwa kichekesho: siku 14, mara moja tu kwa kila kitabu, mchapishaji akikubali, kwa wateja wa Marekani, na wewe mwenyewe huwezi kukisoma muda wote ambao umemwazima mwenzako. Mambo ya kielektroniki yanaweza kunakiliwa mara milioni bila gharama, lakini yamefungiwa ili yawe adimu kuliko karatasi. Hapo ndipo ninapokataa lugha ya kwamba teknolojia imekuja hivyo na hakuna la kufanya. Kufuli hilo limewekwa na watu kwa mikataba, na mikataba huandikwa upya.

Ukiacha kufuli hilo, kuna jambo la pili ambalo kifaa hiki kimenifanyia taratibu: kimegeuza lugha ninayosomea. Kiingereza kimejaa tele. Mradi wa Gutenberg, ulioanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, una makumi ya maelfu ya vitabu vya bure, na Kiswahili humo ni cha kutafuta kwa tochi. Kamusi iliyo ndani ya kifaa changu inanifafanulia neno la Kiingereza nikiligusa tu. Neno la Kiswahili likinishinda, nainuka kitandani kwenda kuchukua kamusi ya TUKI rafuni. Vitabu vya zamani vya Kiswahili ninavyovipata vingi ni picha za kurasa zilizopigwa kwa mashine, herufi zake hazikuziki wala hazijipangi kulingana na kioo. Msomaji hufuata penye wepesi, na wepesi umewekwa upande mmoja.

Abdulrazak Gurnah alipotunukiwa Nobeli mwaka 2021, mtu mwenye kifaa kama changu angeweza kupata riwaya zake kwa Kiingereza usiku uleule bila kutoka nyumbani. Peponi, tafsiri ya mojawapo ya riwaya hizo iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mimi niliiagiza Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye basi, nikaenda kuipokea barabarani. Iligharimu muda na usumbufu. Lakini riwaya ya Kiingereza niliyoinunua imebaki kwenye kifaa changu, na Peponi sasa sijui iko kwa nani. Mara ya mwisho niliisikia iko Igowole.

Jambo la tatu ni usalama wa maandishi yenyewe. Julai 2009 Amazon waligundua kwamba muuzaji mmoja aliwauzia wateja vitabu vya George Orwell bila kuwa na haki navyo. Wakavifuta kutoka kwenye vifaa vya watu waliokwisha kulipa, wakawarudishia pesa. Vitabu vyenyewe vilikuwa 1984, kinachosimulia serikali inayofuta maandishi ya jana, na Animal Farm, ambacho wasomaji wetu wanakijua kwa jina la Shamba la Wanyama katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Kampuni iliomba radhi, lakini uwezo wa kufuta tumeuona. Februari 2025 kampuni hiyohiyo iliondoa njia ya kupakua kitabu kwenye kompyuta na kukihamishia kwenye kifaa kwa waya, njia iliyowafaa watu wa mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha.

Hapa Nyololo suala la maandishi yasiyofutika si la nadharia. Septemba 2, 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi wa Channel Ten, aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa Iringa, aliuawa katika kijiji hiki akiwa kazini. Picha za tukio zilichapishwa magazetini, nchi nzima ikaziona, na mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Magazeti ya siku zile yakishachapwa na kusambazwa hakuna aliyeweza kupita nyumba kwa nyumba kuyakusanya. Karatasi ina udhaifu mwingi, inaliwa na mchwa na kulowana, ila haina bwana anayeweza kuifuta akiwa mbali.

Atatokea wa kuniambia kwamba watu wa siku hizi wanagawana vitabu kuliko zamani, kwa simu. Ni kweli, nakala laini zinaruka kwenye makundi ya WhatsApp kila siku, riwaya na vitabu vya kiada. Tatizo ni kwamba nyingi ni za wizi. Mwandishi aliyehangaika miaka miwili haambulii hata nauli, na mchapishaji akiona hivyo anakaza kufuli zaidi. Kuazimana kitabu cha karatasi hakukumuua mwandishi, kwa sababu kitabu kilikuwa kimoja na kilichakaa. Aliyekipenda sana mwishowe alinunua chake. Nakala laini haichakai.

Lakini kwenye simu hizohizo kuna jambo jingine linalonipa moyo. Waandishi wetu wa hadithi za mfululizo, warithi wa zile hadithi za magazeti zilizoishia na neno “itaendelea”, wamehamia WhatsApp na Facebook. Sehemu za mwanzo wanatoa bure, msomaji akishanasa analipa kiasi kidogo kwa simu na kuingizwa kwenye kundi la wanaomalizia. Hakuna kadi ya benki, hakuna dola, hakuna Kiingereza. Na kwenye kundi watu wanabishana: yule binti amekosea, yule shangazi ndiye mchawi, mwandishi usituue kwa presha leta sehemu ya 30. Kule nyuma, mwaka 2014, UNESCO ilitoa utafiti wake wa usomaji kwa simu katika nchi saba, Uganda ikiwemo, ikaonesha kwamba wengi waliosoma kwa simu walikuwa wanafurahia kusoma kuliko awali, na wanawake walitumia muda mrefu zaidi kusoma kuliko wanaume. Nikiwatazama mama ntilie wa hapa njia panda wakati wateja wamepungua, sishangai.

Kwa hiyo kioo hakimlazimishi mtu kusoma peke yake. Uchaguzi wa namna ya kuuza na kugawa ndio unaomfungia. Kama mwandishi wa hadithi za mtandaoni, bila mtaji wala mwanasheria, ameweza kujenga usomaji wa pamoja unaolipa, wenye mitaji na wanasheria wana udhuru gani?

Majirani zetu wamewahi kujaribu. Kenya, huduma ya maktaba ya taifa ilishirikiana na shirika la Worldreader kuweka vifaa vya kusomea katika maktaba za umma, msomaji akavikuta hapo bila kununua. Ughaibuni maktaba huazimisha vitabu vya kielektroniki kwa leseni, mmoja akirudisha mwingine anachukua. Leseni nyingine ni kandamizi: mwaka 2011 kampuni ya HarperCollins iliamua kitabu kikishaazimwa mara 26 maktaba inunue upya. Lakini hata hizo mara 26 ni nyingi kuliko sifuri tuliyonayo.

Sisi tuna nyenzo zilizolala. Walimu wana vishikwambi. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambako vitabu vya kiada vinasomwa. Umeme wa REA umefika vijiji ambavyo zamani vilisomea koroboi. Kinachokosekana ni riwaya, tamthiliya, hadithi za watoto na vitabu vya maarifa vya Kiswahili ambavyo shule ya kata inaweza kuvipakua kihalali, mwanafunzi akaazima kwa wiki mbili, kikarudi chenyewe na kumfuata mwingine. Bodi ya Huduma za Maktaba ikae na wachapishaji, wakubaliane bei ya nakala ya kuazimisha na mgawo wa mwandishi. Mwandishi apate kila kitabu chake kinapoazimwa, hata kama ni shilingi chache. Kwa wasomaji wengi shilingi chache zitazidi anachopata leo kutokana na nakala laini zilizoibwa, ambacho ni sufuri.

Mpaka hilo litokee, nimejiwekea utaratibu. Vitabu vya Kiingereza, vinene, vya mbali, ambavyo hapa ni mimi na mwingine mmoja tutakaovisoma, nanunua kwenye kifaa. Vya Kiswahili nanunua karatasi hata kama nakala laini ipo na ni nafuu, kwa sababu bei ya kitabu cha Kiswahili naigawa kwa idadi ya watu watakaokisoma, na kwa hesabu hiyo karatasi bado ni rahisi kuliko kioo. Hesabu hiyo mchapishaji anaweza kuigeuza wakati wowote akitaka. Aniuzie kitabu cha kielektroniki cha Kiswahili ninachoweza kumwazima jirani kihalali, hata kwa bei mara mbili ya kile kilichofungwa. Nitalipa siku hiyohiyo, na wa kwanza kumwazima ni mwalimu.